Njegere

Łódź, Januari. Nje ni nyuzi kumi na saba chini ya sifuri,
nami nalilinda jengo kutoka chumba kisicho na dirisha:
skrini sita, chai ya limau iliyopoa,
pampu zinazozunguka kama vitone vya kijani,
vali mia tatu na kumi na mbili
zinazojifungua na kujifunga bila kuniuliza.

Zamani hapa palikuwa kiwanda cha pamba.
Bibi yangu Apolonia alisimama ghorofa ya nne
mbele ya mitambo minane ya kufuma,
na dirisha likihitaji kufunguliwa
palikuwa na mtu mwenye mti mrefu wenye kulabu,
ukitaka hewa ulimwita kwa jina.
Sasa madirisha hayafunguki. Yamezibwa kwa gundi na hesabu.
Hewa huja kwa ratiba.

Wahenga walisema kuta zina masikio.
Hizi zina ngozi pia:
kila hatua kumi pana kidude cheupe
kama kipande cha sabuni ya hotelini,
kinanusa pumzi, kinahesabu vichwa, kinapima joto,
kinaniletea habari kila sekunde thelathini,
nami naamini. Ndiyo kazi yangu, kuamini.

Basi Jumatatu, saa tatu kasoro dakika ishirini,
mstari wa ghorofa ya nne ukatumbukia.
Ishirini na tatu, kumi na tisa, kumi na moja, sita.
Mfumo ukapiga kengele: DIRISHA LIMEACHWA WAZI.
Dirisha gani?
Jumanne vilevile. Jumatano vilevile,
korongo lile lile, na vipasha joto
vikikoroma kwa nguvu zote.
Alhamisi nikapanda ngazi.

Nilimkuta Bogumiła Wrzosek wa uhasibu,
glavu zimekatwa vidole, shali mbili,
na juu ya kidude changu, umebandikwa
kwa utepe wa kufungia maboksi,
mfuko wa njegere zilizoganda barafu.

Hakushtuka. Hata kuubandua hakuubandua.
"Mashine ya kunakilia imepakana na kipimo chako," alisema,
"inakipulizia tangu asubuhi. Kinaota moto peke yake.
Mimi nakaa kule, dirishani. Kukisogeza sikuweza,
nikaona nikionjeshe baridi yangu."

Nikamwuliza kwa nini hakuripoti.
"Mara tatu. Na mara tatu nilijibiwa:
Joto liko sawa. Suala limefungwa."

Niliyajua maneno hayo. Niliijua hata nukta yake ya mwisho.
Niliyaandika mimi, huko chini, nikitazama mstari
ulionyooka kama shati lililopigwa pasi.

Nyumba njema si mlango,
najua, najua, fungua uingie ndani;
lakini nani angeniambia
kwamba mtu anaweza kulijua jengo kwa moyo,
kila waya, kila feni,
asijue ni nani ndani yake anatetemeka?

Ilichukua siku kumi na nne na sahihi tano
kukihamisha kidude hatua saba.
Siku zote hizo mfuko sikuugusa.
Kengele ikilia naizima kwa kidole,
na palipoandikwa SABABU naandika: njegere.
Makao makuu, Frankfurt, wakauliza ni kifaa gani hicho.
Sikujibu.
Ijumaa Bogumiła alizibeba nyumbani
akazipika kwa siagi na shibiti,
Jumatatu akaja na mfuko mpya.

Sasa mstari umenyooka tena.
Ila ukiutazama kwa karibu, asubuhi,
saa tatu kasoro dakika ishirini,
hupanda kidogo, sehemu ya kumi ya nyuzi moja:
ni yeye anavua koti kando ya kidude,
ametoka kwenye ngazi, bado ana joto la kutembea.
Mfumo hauoni cha kuripoti.
Mimi huweka kikombe chini.