Kielelezo Namba Saba

Mimi karani. Kazi yangu kuita majina,
kumimina maji kwenye bilauri za mashahidi,
kutunza vielelezo hadi uchunguzi ufungwe.
Namba moja: kofia ngumu, ya manjano, haina ufa.
Namba nne: kiatu cha kushoto.
Namba saba haikuenea kabatini,
nikaisimamisha nyuma ya mlango, imeelekea ukuta:
ubao wa plaiwudi, futi nane kwa nne,
una alama ya buti na duara la kahawia
ambalo hakuna ripoti iliyolitaja.

Marehemu: Semisi Fakalata, miaka ishirini na sita,
kibarua, mkazi wa Māngere, Auckland.
Mamaye amekuja na mkeka wa msiba kiunoni,
mkuukuu, umechanika pindoni,
kwa desturi ya watu wa Tonga.
Kila akijisogeza unachakarika kama majani makavu
na wakili wa kampuni anapoteza sentensi yake.

Hakimu wa vifo, Bi. Harkness, anavaa miwani yake,
anaanza kama anavyoanza siku zote:
Hapa hatutafuti mwenye hatia.
Tunauliza nani, lini, wapi, na vipi.
Kwa nini haimo.
Mwaka wa kumi na moja huu nahesabu. Haimo.

Rodel Magsino, seremala, mzaliwa wa Batangas, anaeleza:
ghorofa ya nne ilikuwa na tundu la mabomba,
Ijumaa mtu akalifunika kwa ubao.
Hakuupigilia. Hakuandika neno.
Jumatatu Semisi akatumwa ubao.
Akauona huo, umelala tu, hauna mwenyewe.
Akainama, akauinua kwa mikono miwili
mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba mlango,
na mlango ukamziba macho.
Akapiga hatua.

Ngapi? akauliza wakili.
Moja.

Husemwa ajali haina kinga.
Nimeusikia msemo huo humu ndani umefunga tai.
Kinga ilikuwa stoo: misumari minne
na kopo la rangi ya machungwa
la kuandikia SHIMO.
Msimamizi, Bwana Pike, aliulizwa bei yake.
Alisema hajui. Kisha akasema,
haizidi chai ya watu wawili.
Bilauri ikamgongagonga meno.
Siku ile ndiye aliyeshuka ngazi mbio,
akakaa kwenye vumbi la saruji,
akakishika kile kichwa mpaka ambulensi ilipofika.
Hilo nalo limo, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
na sijui niliweke upande gani.

Vipi: kwa kuanguka mita kumi na moja.
Mapendekezo: kumi na mawili.
Nikatafuta faili la mwaka juzi.
Yalikuwa tisa. La pili lilikuwa hili hili,
mji mwingine, jina jingine,
nukta kwa nukta.

Mama akaulizwa kama ana neno.
Akasimama, mkeka ukasema kabla yake.
Alitaka kujua jambo moja:
mwanawe alikuwa ameshakunywa chai?

Mkalimani hajamaliza,
Rodel akajibu kutoka viti vya nyuma, bila ruhusa:
Nusu, mama. Alikiweka kikombe juu ya ubao huo.
Alisema atarudi kuimalizia.

Bi. Harkness akavua miwani.
Hakuna aliyeandika, hata mimi.

Basi nipeni ubao, akasema mama.

Fomu ya kurudisha mali inataka jina la mwenye mali.
Mali ni ya kampuni, wakili akakumbusha,
thamani dola sitini na nne.
Bwana Pike hakumtazama mtu.
Akasema: Mwacheni auchukue.

Wakaubeba, yeye na mpwa wake, kwenye ujia mrefu,
ukiwa umesimama wima mbele yao,
kwa kuwa vinginevyo haupiti.
Sijafundishwa la kufanya.
Nikawatangulia kinyumenyume,
mkono mmoja kwenye ukingo wa ubao,
nikiwaambia ngazi ilipo,
moja, bado moja, hapa sakafu,
hapa sakafu, mama, kanyaga.