Namba Unayopiga

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana niliandika
kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia:
Jumatano usiku, Lagosa. Mtandao upo, mkiwa na bahati.
Alhamisi asubuhi, milima ya Mahale. Msinitafute.
Alhamisi jioni, Ikola. Jaribuni.
Karema, mpigieni Gwasa wa ofisi ya bandari,
ataniita kutoka mtumbwini, ana koo.
Chini nikaongeza namba ya daktari wa Maweni,
ya bodaboda asiyelala,
ya jirani mwenye gari bovu lisilokosa mafuta,
na dawa za Mama: kidonge cheupe asubuhi,
nusu ya kile cha waridi baada ya ugali, si kabla.

Mwavita akasoma, akacheka:
"Dada, unasafiri au unakufa?"

Majirani wa Ujiji nao walikuwa wameuliza yao.
Msiba? Hapana. Mzigo wa mawese? Hapana.
Basi Kasanga unafuata nini?
Kwenda na kurudi, nikasema. Kuliona ziwa.
Miaka thelathini na minne nimelichora ubaoni
kama ndizi iliyosimama wima,
watoto wakalipaka buluu,
na mimi mwisho wangu ni mwalo wa Kibirizi,
maji ya vifundoni.

Honi ikalia. Mama hakuja gatini.
Alibaki kwenye mkeka, simu yake ya vitufe
imefungwa kamba shingoni kama hirizi.

Vijiti vitatu vya mtandao. Viwili. Kimoja.
Kisha ujumbe wa Kifaransa
ukanikaribisha nchi ya ng'ambo nisiyoikanyaga.
Nikaizima simu isije ikanimalizia salio,
nikaiwasha, maana itakuwaje wakipiga?
nikaizima.
Bi Nyabenda wa Kirando, wa kitanda cha juu,
alinitazama kama anayetazama mtu akijikuna.
"Mwalimu, hilo ziwa umelilipia nauli."

Mahale ilipita upande wa kushoto.
Naambiwa ilipendeza.
Mimi nilikuwa nahesabu: saa mbili, kidonge cheupe.
Saa nane, na kama ugali hakula?
Nilimwona Mama akianguka bafuni mara sita,
kila mara kwa mguu mwingine.

Ikola, kiza. Mitumbwi ikaizunguka meli,
watu wakapandisha mchele, kuku, kitanda, mgonjwa wa jino,
na katikati ya kelele hizo, mfukoni mwangu,
zikaanza kuingia:
Ulitafutwa. Ulitafutwa. Ulitafutwa.
Kumi na saba. Zote za Mama.

Vidole havikunitii. Nilibonyeza ya daktari, nikakata,
nikabonyeza ya Gwasa, nikakata,
mwishowe yake.

"Hujambo," akasema, sauti ya mtu anayetafuna.
Mama, kuna nini?
"Kuna nini wapi?"
Umepiga mara kumi na saba!
"Aa. Nilikuwa namsikiliza yule mwanamke
anayesema hupatikani kwa sasa.
Ana adabu. Kila nikimuuliza, jibu lake lilelile,
nikasema basi, meli bado inaelea;
angekuwa na habari mbaya asingetulia vile."

Nyuma yake, Mwavita akigombana na sufuria.

"Na ile kalenda nimesomewa," akasema.
"Umeandika sisi tukiugua tumwite nani.
Wewe ukiugua huko majini, mimi nimwite nani?
Hapo hukuandika."

Sikuwa na jibu. Nikamtajia Bi Nyabenda,
nikampa namba yake, tarakimu moja moja,
naye akizirudia kwa Mwavita, akichanganya sita na saba,
mpaka kijiti cha mwisho kikadondoka
tukiwa kwenye tarakimu ya nane.
Zilibaki mbili.

Nilipanda sitaha. Upande wa Kongo
karabai za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimewashwa.
Nikaanza kuzihesabu,
nikafika kumi na saba,
nikaacha.