Jiwe Halimo

Mara ya nne naipanda ngazi ya halmashauri, Ilemela,
ramani kwapani, imeshaota mikunjo kama shingo yangu.
Bwana Lugembe wa mipango miji anavua miwani:
"Mama Nkwimba, hili jiwe mbona halimo?"

Jiwe! Kubwa kuliko nyumba ninayoiombea kibali.
Pimbi huota jua juu yake,
na ndipo mama mkwe alipoanika dagaa hadi kufa kwake.
Fundi mchoraji alilifuta. Karatasi, alisema, haikutosha.

Kule Kitangiri ukuta umeishia kwenye lenta,
una X nyekundu na SIMAMISHA UJENZI.

Nimeazima penseli ya mjukuu
nikalichora mwenyewe, duara bovu, limeingia hadi sebuleni.
Jumatatu nitapanda tena.
Jiwe lenyewe halijawahi kuombwa risiti.