Mgeni wa Bundi

Wageni wengi huniuliza bahari iko wapi.
Mwalimu Jerotich, mstaafu kutoka Kapsabet,
alishuka kwenye tuktuk, darubini kifuani kama hirizi,
akauliza: "Bi Mwanakheri, chai hapa
inapatikana saa kumi alfajiri?"
Nikasema inapatikana. Haikuwa kweli.
Nikaanza kuamka saa tisa.

Vyumba vyangu ni vinne, Shela ya Malindi,
vitatu vina feni.
Nilimpa cha nne, kinachotazama mwarobaini,
chandarua nimekitia viraka mwenyewe, uzi wa buluu.
Hakulalamikia kitanda, wala maji ya chumvi bombani.
Alimlalamikia jogoo wa jirani tu,
kwamba anawika juu ya sauti nyingine,
"na mimi nasikiliza."

Siku ya kwanza alikwenda mdomo wa Sabaki.
Akarudi na tope hadi magotini,
akanitajia hesabu ya heroe kama anayetaja mahari:
mia mbili na kumi na sita.
Wengine waliruka kabla hajawamaliza;
hao akawatoa. Nilimpenda kwa hilo.

Siku ya pili akasema anachokitafuta hasa.
Sahani ikanitoka mkononi.
Bundi?
Umepanda basi mbili, umelipa chumba,
umemlipa Thoya akupeleke msituni,
kumtafuta bundi?
Sisi hapa huja mwenyewe, bure, na tunamfukuza.

Mama yangu alikuwa na chungu cha chumvi kando ya jiko,
si ya mchuzi.
Bundi akilia paani, konzi moja motoni,
chumvi itatarike, ishindane naye kwa kelele.
Usiku aliokufa baba, chungu kilikuwa kitupu.
Hayo sikumwambia mgeni.
Nilimwongezea mbaazi.

Siku tatu Arabuko, siku tatu patupu.
Alimwona sange, kiuno cha dhahabu,
akikimbia kama mwenye deni.
Aliona kinyesi cha ndovu, akafurahi nacho.
Msitu ukampa kupe wawili.
Bundi hakuna. Thoya akanywea,
maana mwongozaji halipwi pesa tu,
hulipwa na atakayosimulia mgeni akifika kwao.

Asubuhi ya mwisho akasimama mlangoni pa jiko.
"Twende wote. Labda wewe anakujua."
Sijui kama alitania.
Nilijifunga kanga,
na kwenye pindo nikafunga chumvi.

Udongo mwekundu. Vichaka vinashika nguo kama watoto.
Thoya mbele, anainama, anachungulia, anainama tena.
Kisha akatulia. Hakuonyesha kwa kidole,
alionyesha kwa kidevu.

Wawili.
Wadogo, jamani! Kila mmoja kama kikombe cha kahawa,
rangi ya kutu, kutu ya mabati yangu hasa.
Wamebanana bega kwa bega
kama abiria waliokosa basi la usiku.
Mmoja akafumbua jicho, la njano,
akanitazama,
akaona si neno, akalifumba.

Jerotich alilia, darubini ikaingia ukungu.
Mimi nilikuwa nimelikamata pindo.
Nilimfikiria baba, na kile chungu,
na ni nani hasa aliyemwita nani usiku ule.
Sikupata jibu. Mbu walinipata mimi.

Daftari la wageni liko mezani, kasome:
"Kitanda kigumu. Mahamri laini. Bundi wawili."
Tangu hapo Thoya huniletea watu wa darubini.
Nimenunua birika kubwa. Feni ya nne bado.

Na jana usiku wa manane akalia mmoja mwarobaini,
si wa msituni, huyu wa mjini, mkubwa,
sauti ya mlango usiotiwa mafuta.
Nikaenda jikoni gizani, mkono ukakijua chungu wenyewe.
Konzi nikaishika, nikaishika.
Dirisha la chumba cha nne likafunguka polepole:
mgeni mpya, anasikiliza.

Chumvi nikaitia kwenye mbaazi za asubuhi.
Zilizidi. Wakala, wakanyamaza.