Kibao Namba Kumi na Tisa

Mashineni kwa Mwakipesile, pale Uyole,
hupewi unga. Unapewa kibao:
kipande cha mti, namba imechomwa kwa msumari wa moto.
Debe lako linaingia foleni, wewe unaondoka.
Unga haupo bado, lakini ni wako,
na kibao kinagongana na funguo mfukoni.

Mimi naandika programu. Chumba changu kiko Forest,
dirisha linatazama Loleza, ukungu ukiruhusu.
Juni hii haujaruhusu.
Nina vituo saba vya kupimia viazi:
Isyonje, Igoma, Kikondo, Ndaga, Isongole,
Santilya, na Matamba mwisho wa barabara.
Kila usiku nauliza: leo magunia mangapi?

Toleo la kwanza lilikuwa mgeni mwenye adabu kupita kiasi.
Likabisha Isyonje, likangoja mlangoni,
likajibiwa, ndipo likashika njia ya Igoma.
Mtandao wa Ndaga ukilala, wote wanalala.
Tuntufye aliamka akakuta ripoti tupu,
akaniuliza kama nilikuwa nimelewa.

Nikakumbuka vibao.
Sasa nawauliza wote saba kwa pumzi moja,
nabaki na vibao saba mkononi,
nachemsha chai, nakagua hesabu za jana,
na anayefika kwanza anapokelewa kwanza.
Santilya, wa sita kwenye orodha,
anatangulia akihema: mia na nne.
Halafu Igoma. Halafu wawili kwa mpigo,
na hapo ndipo nilipojifunza hofu:
wote wawili waliandika jumla kwenye daftari moja,
mmoja akafuta mwandiko wa mwenzake,
magunia hamsini yakapotea bila kuibwa.
Nikaweka kalamu moja tu.
Asiyeishika, asubiri.

Ndaga ikajibu: nimeshindwa, mzani umevunjika.
Nikafurahi. Mnaweza kucheka.
Kushindwa ni jibu, lina pa kuandikwa,
kesho fundi atapanda gari na bisibisi zake.
Kinachoua ni Matamba.
Haikatai, haikubali,
kibao chake kimebaki kiganjani
kama jino la mtu mwingine.

Weka ukomo, akasema Tuntufye. Sekunde thelathini, kisha ghairi.
Na ukighairi, waambie,
la sivyo huko mtu ataendelea kupima gizani,
kama mama alivyoendelea kupika maharage
ya wageni waliokwisha kugeuzia gari Chimala.

Nikaandika thelathini. Kompyuta ikatii.

Gwakisa, kaka yangu, alipanda treni pale Iyunga
mwaka juzi, na begi la mgongoni.
Nikifika Kapiri nitapiga, akasema.
Mama hajaweka ukomo.
Wala hajasimama: anauza parachichi Mwanjelwa,
anagombana na mgambo, anaimba sauti ya pili kwaya,
anacheka hadi anakohoa.
Ila simu yake hulala ikiwa na sauti juu,
na blanketi la Gwakisa huanikwa kila Jumamosi,
jua liwepo lisiwepo.

Jana aliketi nyuma yangu, shuka la Kimasai mabegani,
akatazama kioo: vituo vitano vya kijani,
Ndaga ya njano, kimoja chekundu.
"Hicho chekundu kimejifunga, au umekifunga wewe?"
"Mimi, mama."
"Kikijibu kesho?"

Ukweli ni kwamba jibu lingefika
likute hakuna mlango,
lianguke, na hata mlio usisikike.
Sikusema hivyo.
Aliposinzia niliongeza mistari mitatu:
jibu lililochelewa lipokelewe,
liandikwe pembeni na saa yake ya kufika,
lisiulizwe lilikuwa wapi.

Asubuhi akanituma mashineni.
Mwakipesile, nyusi nyeupe kwa vumbi la mahindi,
akakipokea kibao namba kumi na tisa, akakigeuza,
akauvuta mfuko kutoka chini ya benchi.
"Huu tangu juzi," akasema. "Umepoa."
Nikauweka begani. Ulikuwa na uzito wake wote.