Faini ya Kucheka

Kiwanda cha dagaa kilifungwa mwaka wa sitini na nane.
Paa likaanguka ndani, shakwa wakahamia.
Mali bila daftari, husemwa, hupotea bila habari;
hapa Vilardemar mali ilipotea, daftari likabaki:
kurasa mia mbili na kumi, jalada la kitambaa cha kijani,
harufu ya mafuta ya zeituni na panya.

Nimelitunza miaka tisa kwenye chumba cha chini cha manispaa,
nyuzijoto kumi na nane, glavu nyeupe,
na kitabu cha wageni chenye majina manne,
mawili yakiwa yangu.

Ni daftari la faini.
Msimamizi, Bwana Leoncio, alikuwa na mwandiko wa kipadri:

    Balbina Outes, senti ishirini, kwa kuimba.
    Dorinda Lago, senti kumi, kwa kula dagaa mmoja.
    Balbina Outes, senti arubaini, kwa kuimba tena.
    Erundina Rial, peseta moja, kwa kucheka,
    sababu haikujulikana.

Hapo kidole changu kiligoma kuendelea.
Nikavua glavu.

Nikaenda kwa Moncho mwenye mashine ya lebo:
nichapie mia tatu, nyekundu kwa dhahabu, kama za zamani,
ila palipokuwa na jina la kampuni
weka jina la mwanamke, na chini yake kosa lake.
Tukazibandika kwenye makopo matupu,
tukayapanga dukani kwa Sabela kati ya chumvi na sabuni,
bila tangazo, bila bei.

Jumatatu hakuna aliyegusa.
Jumanne dereva wa lori la barafu alisimama mbele ya rafu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
"Balbina ni bibi yangu," akamwambia Sabela.
"Kwa kuimba? Nyumbani hakuwahi kuimba."
Akatoka na kopo limekumbatiwa kifuani,
chumvi aliyoijia akaisahau.

Kufika Ijumaa rafu ilikuwa nyeupe
na mlangoni kwangu kulikuwa na foleni.
Foleni! Chumba cha chini!
Walikuja na aproni, na visu vya kukatia vichwa vya samaki,
picha zilizoliwa na unyevu,
na ugomvi wa miaka hamsini: nani alimchongea nani kwa Leoncio.
Sikuwa na fomu ya kupokelea ugomvi.
Nikaitengeneza.

Kisha akaja Erundina mwenyewe,
miaka tisini na mitatu, akisukumwa na kitukuu,
kopo mapajani.
Nilidhani nitamfariji, hata maneno nilikuwa nimeyapanga.
Akasema, "Lete daftari."
Akasema, "Na penseli, si kalamu, nazijua sheria zenu."
Sheria zetu hata penseli zinaikataza.
Nimezifundisha mwenyewe, darasani, kwa ukali.
Nikampa.

Kidole kilichopinda tangu enzi za kisu
kikashuka mstari kwa mstari hadi kwenye jina lake.
"Sababu ilijulikana," akasema.
"Leoncio alikuwa ameikalia ndoo ya matumbo ya samaki.
Akainuka, akatukaripia kuhusu heshima ya kazi,
na utumbo unaning'inia nyuma yake, unacheza kila anapogeuka.
Wote waliona. Wenzangu waliuma midomo.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne."

Akaandika pembeni, herufi kubwa za mtu
aliyejifunza kuandika akiwa na wajukuu,
neno moja tu:

    MKIA

Alianza yeye, kicheko kikavu kama kifuniko kinachofunguka.
Kikamshika kitukuu, kikanishika mimi,
kikapanda ngazi. Waliokuwa ngazini wakauliza, wakaambiwa,
wakawaambia wa ukumbini, neno likipungua kila lilipopita,
mpaka wale wa mwisho, nje barabarani, kwenye mvua,
nao walicheka,
sababu haikujulikana.