Wasiotokea

Jumanne, saa tatu asubuhi, Luton.
Baridi inang'ata masikio kama inadai deni.
Nimetoka zamu ya usiku, viatu vinanuka dawa ya sakafu,
nimeshuka kilima kwa miguu toka uwanjani
maana nauli ya basi ndiyo chakula changu cha mchana.

Somo la leo: mapato ya shirika la ndege.
Daktari Prosser, mzaliwa wa Wales,
mwenye sauti ya kukutangazia hasara ukaitikia ahsante,
anaandika ubaoni: viti 186.
Anasogea kando, anaandika tena: tiketi 194.
"Wanane hawatatokea," anasema.
"Hatuwajui. Lakini hawatatokea."

Farrukh, wa kiti cha mbele, anauliza:
na siku wakitokea wote?
"Siku hiyo mnaomba radhi, mnatoa vocha,
mnatafuta hoteli yenye vitanda."
Darasa linacheka. Mimi naandika: vocha, vitanda.

Nimejifunza mengi tangu Septemba.
Kwamba ndege iliyolala chini ni ng'ombe asiyekamuliwa
na majani anakula vilevile.
Kwamba nafasi ya kutua alfajiri
huuzwa kwa bei ya kiwanja cha mjini, nayo ni hewa tupu.
Kwamba dakika thelathini zinatosha
kushusha watu, kujaza mafuta, kupakia, kuondoka,
na saba kati yake ni za usafi.

Hizo saba nazijua bila kitabu.
Nazijua kwa magoti.
Mimi na Danuta, yeye safu za kushoto, mimi za kulia,
tumeokota kwenye mifuko ya viti
meno ya bandia, kiatu kimoja cha mtoto,
yai la kuchemsha ndani ya soksi safi.
Kitabu kinatuita "shughuli namba nne".
Nilipomwambia Danuta alifurahi:
alidhani tungekuwa mbali zaidi kwenye orodha.

Wanane.
Nayarudia mahesabu, wanabaki wanane.

Julai iliyopita, ndege ya jioni, kiti 31K, dirishani.
Zamoyoni, mdogo wangu, anaolewa Singida.
Tiketi ile ilikuwa miezi mitano ya magoti.
Viza yangu ilikuwa mezani kwa mtu fulani, katika jengo fulani,
na barua ilisema kwa adabu:
ukitoka kabla ya jibu, ombi lako limekufa.
Begi likabaki chini ya kitanda, limefungwa,
sare ya harusi ikabaki kwa mama, imekunjwa,
na saa ile ndege inapaa kutoka uwanja mwingine
mimi nilikuwa hapa, ndani ya ndege ya watu waendao ufukweni,
nafuta juisi kwenye meza ya mtu.
Nauli haikurudi. Hilo nalo liko ukurasa wa tisini na moja.

Kumbe kama hesabu ya Prosser ni ya kweli
kuna aliyeuziwa kutokuwepo kwangu.
Aliitwa dakika za mwisho, akakimbia, akaketi 31K,
akafungua kidirisha, akaona taa zinapungua.
Labda aliwahi msiba. Labda alikwenda kuuza matairi.
Nilimchukia mpaka nusu ya kipindi,
kisha nikaanza kumwombea angalau alilala.

Nikanyoosha mkono.
"Wasiotokea, Daktari, sababu zao huandikwa wapi?"
Akasimama na kalamu hewani,
akaitazama jedwali yake kama mtu anayetafuta funguo.
"Hakuna safu hiyo," akasema. Halafu, taratibu:
"Sijawahi kuulizwa."

Vioo vikatetemeka, kama kawaida ya mji huu.
Mhadhara ukasimama kupisha mngurumo.
Farrukh, bila kuinua kichwa, akatazama saa yake:
"Hiyo imechelewa dakika nne."
Nikawaza shughuli namba nne,
nani yuko zamu leo,
na amekuta nini safu ya thelathini na moja.